Kupima Wasiwasi wa Vijana wa Murara na Mitazamo Yao Kuhusu Utalii Endelevu: Tatizo la Madodoso Yetu

Utangulizi na maana ya maneno

Maneno makuu ya mada hii mnayafahamu, hivyo nitayapitia kwa haraka. Kijana balehe, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Wasiwasi ni hali ya kutazamia baya. Huwa ugonjwa pale unapodumu, ukazidi hatari iliyopo na kumzuia mtu kusoma, kulala au kuishi vyema na wenzake. Utalii endelevu ni ule unaomfaa mgeni na mwenyeji wa leo bila kuwanyima watakaokuja kesho mazingira na riziki. Juu ya maana hizi hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye vipimo tunavyompelekea kijana wa Murara, mtaa wa mji wa Goma mashariki mwa Kongo, na hapo ndipo ninapoomba tukae.

Tatizo la vipimo

Tafiti zinazolinganisha wasiwasi wa vijana na mitazamo yao kuhusu utalii kwa kawaida hutumia madodoso mawili. La kwanza hupima wasiwasi, mara nyingi kwa GAD-7, kipimo cha mwaka 2006 chenye maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita. La pili humwuliza kijana anakubali kiasi gani sentensi fulani kuhusu watalii, wanyama na mapato. Kisha alama hulinganishwa. Ikionekana kwamba wenye wasiwasi mwingi ndio wanaoukubali utalii kidogo, ripoti husema wasiwasi unaharibu mtazamo, na hupendekeza uhamasishaji mashuleni. Hitimisho hilo limekuwa likirudiwa kwa wepesi unaosikitisha.

Tuanze na swali la saba la GAD-7, linalouliza kama mtu amehisi hofu kana kwamba jambo baya litatokea. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya Goma. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa kumi, Murara ukiwemo, wakaamriwa kuhama. Januari 2025 vita viliingia mjini na Goma ikawa mikononi mwa waasi wa M23. Kijana wa miaka 16 amepitia mlipuko wa 2021 na vita vya 2025 kabla hajamaliza sekondari. Akijibu kwamba anaogopa karibu kila siku, ameeleza hali ya mtaa wake kwa usahihi, lakini kipimo kinampa alama 3, sawasawa na mwenzake wa mji wenye amani anayeogopa pasipo sababu. GAD-7 iliundwa ili kuchuja wanaohitaji kuchunguzwa zaidi. Kuamua nani mgonjwa ni kazi ya mazungumzo na mtaalamu. Tukiigeuza kuwa hukumu, tunaita ugonjwa kile ambacho huenda ni tahadhari, na wakati huohuo tunampoteza yule mgonjwa wa kweli ndani ya umati wa wenye alama za juu.

Dodoso la pili lina kasoro ya namna hiyohiyo. Mbuga ya Virunga, iliyo jirani na Goma, ilianzishwa mwaka 1925, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Utalii wake ulisimamishwa Mei 2018, ukafunguliwa Februari 2019, ukafungwa tena Machi 2020 kwa sababu ya korona. Familia nyingi za Goma zinaijua mbuga hiyo zaidi kupitia makaa ya jikoni kuliko kupitia sokwe. Kijana akikataa sentensi isemayo kwamba utalii unainufaisha jamii yake, anatoa taarifa juu ya mgawanyo wa faida. Icek Ajzen, katika nadharia yake ya mwaka 1991, alitenganisha mtazamo wa mtu juu ya tendo na imani yake kwamba tendo hilo liko katika uwezo wake. Kijana anaweza kuupenda uhifadhi kwa dhati na bado asiwe na njia ya kuushiriki. Ukosefu wa usalama huzidisha hofu na pia hufunga njia ya watalii. Chanzo kimoja kinazaa matokeo mawili, nasi tunalilaumu tokeo moja kwa kuzaa jingine.

Pingamizi

Wapo wasemao kwamba tukibadili vipimo hatutaweza kulinganisha Goma na kwingineko. Lakini ulinganisho una maana pale tu swali linapopima kitu kilekile pande zote mbili. Zaidi ya hayo, kazi hiyo inawezekana katika ukanda wetu: Cilia Mels na wenzake walivirekebisha vipimo vya afya ya akili ya vijana mashariki mwa Kongo kwa kushirikiana na jamii, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Wengine husema utalii ni anasa wakati wa vita. Nawaelewa, ila msitu hukatwa hata wakati wa vita, na vijana hawa ndio watakaoamua hatima yake. Wengine huhofia kwamba kuhusisha hofu na mazingira ni kuikuza. Lakini hofu hiyo tayari ipo. Utafiti wa mwaka 2021 ulioongozwa na Caroline Hickman uliwauliza vijana 10,000 wa nchi 10, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana juu ya tabianchi. Watafiti waliihusisha dhiki hiyo pia na serikali kushindwa kutenda. Afrika iliwakilishwa na Nijeria peke yake. Kongo haikuulizwa.

Mapendekezo

1. Alama za GAD-7 zitumike kuchuja, zisitumike kutangaza kiwango cha ugonjwa.
2. Kila dodoso la wasiwasi liambatane na maswali kuhusu hatari halisi: mlipuko, vita, kuhama, njaa.
3. Wenye alama za juu wazungumze na mtaalamu kabla ya hitimisho lolote.
4. Pasipo mahali pa kuwapeleka wanaohitaji msaada, maswali ya hofu yasiulizwe.
5. Maswali ya utalii yatenganishe thamani ya mbuga, mgawanyo wa faida na uwezo wa kushiriki.
6. Vijana wasiosoma wahusishwe, kwa kuwa madodoso ya mashuleni hayawafikii.
7. Vijana na wazazi wa Murara wapitie maswali kabla hayajatumika, na warudishiwe matokeo.
8. Taarifa za Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma ziwafikie vijana mara kwa mara na kwa lugha nyepesi, kwani hofu isiyo na taarifa ni nzito zaidi.
9. Uhamasishaji usipendekezwe kama tiba ya malalamiko kuhusu faida. Malalamiko hayo yapelekwe kwa wasimamizi wa mbuga na mamlaka husika.
10. Wafadhili wakubali gharama na muda wa kurekebisha vipimo. Bila hilo, mapendekezo tisa yaliyotangulia yatabaki kwenye karatasi, na kijana wa Murara ataendelea kuitwa mgonjwa kwa sababu ametujibu kwa ukweli.