"Whose": neno moja, kazi mbili

Kipindi cha leo kinaanzia kwenye sentensi inayowasumbua wengi: "mwalimu ambaye gari lake limeibwa". Mzungumzaji wa Kiswahili huitafsiri "the teacher who his car was stolen". Kosa hilo lina chanzo chake. Kwa Kiswahili, "ambaye" huunganisha kishazi tegemezi na nomino, kisha "lake" huonyesha umiliki. Kiingereza hulibebesha neno moja kazi zote mbili: "the teacher whose car was stolen".

Wala neno hilo halibagui mtu na kitu. "The house whose roof leaks", nyumba ambayo paa lake linavuja, ni Kiingereza sahihi kabisa.

Mtego mgumu zaidi, kwenye "his" na "her", ni jinsia. Kiswahili hufuata ngeli ya kinachomilikiwa: kitabu chake, gari lake. Kiingereza humtazama mwenye mali. "Asha anasema kwamba kaka yake amefika" huwa "Asha says that her brother has arrived". "Her" imetokana na Asha, si kaka.

Na "Juma alimwambia Ali kwamba baba yake amefika"? Baba wa nani? Lugha zote mbili hukwama hapo, hadi jina litajwe: "Ali's father", baba yake Ali.