Daftari Limejaa, Nani Analisoma?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wahenga hawakulitaja: daftari lipo, limejaa, na mali bado inapotea. Mali yenyewe ni afya yetu.

Ingia katika zahanati yoyote ya Temeke au Kinondoni. Utamkuta muuguzi ameinamia vitabu vya MTUHA, anaandika umri wa mgonjwa, mtaa anakotoka, ugonjwa wake na dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Taarifa inakwenda manispaa, inaingia katika kompyuta na kupanda hadi wizarani. Hilo ni jema. Lakini mimi nauliza: hesabu hiyo ikishapanda, hushuka? Hubadili kitu chochote pale ilikotoka?

Ushahidi kwamba hesabu ikisomwa huokoa watu tunao hapa hapa nchini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Watu walipita nyumba hadi nyumba kuuliza nani amefariki na kwa dalili gani, kwa sababu wengi hufia nyumbani na hospitali haina habari zao. Kisha majibu yakawekwa kando ya bajeti.

Yaliyoonekana yalistaajabisha. Morogoro, malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ambayo watu wangeiishi lau wasingekufa mapema. Katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4, kikapewa asilimia 22. Hapakuwa na mwizi. Mafungu yalipangwa bila mtu kuyalinganisha na makaburi.

Wakuu wa afya wa wilaya walipochorewa picha hiyo na kuisoma wenyewe, waliyahamisha mafungu. Fedha walizoongezewa hazikufika dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sisemi kwamba tarakimu zilitibu mtu. Waliotibu ni waganga, dawa na vyandarua. Tarakimu zilisema viende wapi kwanza.

Nasi wa Dar es Salaam tunao mfano wetu. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15, tano Kinondoni, tano Ilala na tano Temeke. Wakazi wenyewe, wakigawana maeneo kwa nyumba kumi kumi, walipita kila wiki wakikagua madimbwi, mitaro na matuta ya bustani, wakiandika wapi pana viluwiluwi vya mbu. Picha zilizopigwa kutoka angani zilitumika kuonyesha viwanja ambavyo havikuwamo katika ramani walizochora kwa mkono. Mwezi Machi 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kumwagwa katika kata tatu: Mikocheni, Buguruni na Kurasini. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maambukizo ya malaria kwa watoto wadogo kwa asilimia 72.

Lakini sikiliza na hili. Wakaguzi waliorudia kazi hiyo walikuta madimbwi mengi yamerukwa, hasa ndani ya nyua zenye kuta na mageti. Mahali pasipofikiwa huonekana safi karatasini. Kompyuta haiwezi kuziba pengo hilo, hata iwe na akili kiasi gani. Itajumlisha ilichopewa, na kosa litatoka limepambwa kwa rangi.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, kila zahanati ibandike ukutani hesabu yake ya mwezi, kwa Kiswahili, ili muuguzi aliyeijumlisha na mama aliyeleta mtoto waione. Pili, kamati ya afya na madiwani wasipitishe bajeti kabla ya kuuliza: ni ugonjwa gani unaotuua zaidi, na fungu lake ni kiasi gani? Dawa zikiagizwa kwa mazoea, inayohitajika itakwisha katikati ya mwezi na isiyohitajika itapitwa na muda wake rafuni. Tatu, muuguzi anayeleta hesabu mbaya asikaripiwe. Ukimkaripia leo, kesho atakuletea hesabu nzuri ya uongo, na juu ya uongo huo utapanga dawa za watu wazima na watoto.

Kila mstari katika kitabu kile ni mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri. Tumekwisha kumwandika. Sasa tumsome.