Nyumba Haina Budi Kulijua Jua



Kurutu huambiwa aitazame ardhi kabla ya kutia sururu: mwinuko uko wapi, maji ya mvua yatapita wapi, na jua la asubuhi litakuwa usoni mwa nani. Anayechimba handaki bila kujiuliza maswali hayo hulala ndani ya maji. Somo hilo, ambalo kila askari analijua, ndilo wanalofundishwa vijana wanaosomea usanifu wa majengo. Nalo linawahusu wanajeshi na polisi kuliko wanavyodhani, kwa maana wao ni miongoni mwa watu wanaoishi katika nyumba ambazo hawakuzichagua wala hawakuulizwa zijengwe vipi.

Kwa miaka mingi polisi wengi wa Uganda waliishi, pamoja na wake na watoto wao, katika vibanda vya duara vya mabati. Askari wenyewe walivibandika jina la "mama ingia pole", jina linalotosha kueleza udogo wake. Mchana bati lilishika moto kama chungu mekoni, usiku likapoa upesi, na mvua iliponyesha, mazungumzo yalikoma mpaka ipite. Kosa halikuwa la bati peke yake. Kibanda kile kilibuniwa ili kibebwe na kusimamishwa upesi popote pale, na kwa sababu hiyo hakikubuniwa kwa ajili ya mahali popote.

Sasa tuchukue mfano wa mwanafunzi anayepewa kazi ya kuchora nyumba za askari, au shule ya watoto wao, huko Sop Sop, katika nchi ya Tororo, upande wa Uganda wa mpaka wa Busia. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, hana budi kwenda huko na kuketi tangu alfajiri hata jioni. Atakachokiona kwanza ni jua. Sop Sop haifiki digrii moja kaskazini ya Ikweta. Wakati wa adhuhuri jua hupita karibu na utosi, lakini asubuhi na alasiri hupiga ubavuni, na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopokea joto hilo. Kwa hiyo nyumba ndefu na ilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake yafunguke kaskazini na kusini, na upenu utokeze vya kutosha ili nuru iingie bila kuandamana na jua lenyewe. Mpangilio huo hauhitaji fedha za kigeni. Ni suala la kuigeuza ramani kabla ya kuchimba msingi.

Jambo la pili atakaloliona ni mvua na radi. Mvua kubwa huja kwa misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule unaoanzia Agosti hadi Novemba, na Tororo inajulikana duniani kwa wingi wa ngurumo zake. Radi si jambo la kupuuzwa katika mchoro wa shule. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, katika Wilaya ya Kiryandongo, ikawaua wanafunzi 18. Mwanafunzi anayechora jengo zuri la Tororo pasipo kuweka kinga ya radi amechora jengo la nchi nyingine.

Jambo la tatu ni vifaa. Chini ya Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kina mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, kuna mawe ya chokaa yaliyowezesha saruji kutengenezwa hapo tangu miaka ya 1950. Saruji, basi, ipo karibu. Udongo mwekundu uko kila mahali, na wananchi hufyatua matofali na kuyachoma katika tanuri. Lakini tanuri hula kuni, na miti inapokwisha vilimani udongo huteremka mabondeni pamoja na mvua. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako idara ya usanifu wa majengo ilianza mwaka 1989, wataalamu wamelishughulikia tatizo hilo. Dakta Moses Musaazi alibuni tofali la udongo lenye mgongo uliopinda, linaloshikamana na mwenzake na kufaa hata kujengea matangi ya maji. Tofali la aina hiyo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha huanikwa kivulini. Halichomwi, wala halihitaji gogo hata moja.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya darasani. Jibu lao liko Burkina Faso, katika kijiji cha Gando. Kijana mmoja wa kijiji hicho, Francis Kéré, alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin alipochora shule ya msingi ya kwao, na shule hiyo ilikamilika mwaka 2001. Hakupeleka Gando mfano wa nyumba za Ujerumani. Alitumia udongo wa hapo hapo ulioongezwa saruji kidogo. Juu ya madarasa aliweka dari ya matofali yenye nafasi za kutolea hewa ya moto, na juu ya dari hiyo, kwa kenchi nyepesi zilizoungwa kwa nondo, akaliinua paa la mabati ili upepo upite katikati. Bati ni lile lile lililowatesa askari wa "mama ingia pole", lakini hapa limetenganishwa na vichwa vya watoto. Wanakijiji mwanzoni walitilia shaka kwamba ukuta wa udongo utastahimili masika, lakini wakashiriki kuujenga, nao ukasimama. Mwaka 2004 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika fani hiyo.

Hata Afrika Mashariki imekwisha kuiona kazi yake. Ukingoni mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya, yamesimama tangu mwaka 2021 majengo ya kuwafundishia vijana kazi za kompyuta. Yana minara mirefu iliyoigwa kutoka kwenye vichuguu vya nchi hiyo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, hewa baridi huingilia chini. Mchwa hawakwenda chuoni, lakini nyumba zao zinalijua joto la Turkana.

Haisemwi hapa kwamba askari warudishwe katika nyumba za fito na nyasi. Nyasi huungua na fito huliwa, na mwananchi anayetamani bati na saruji ana sababu zake. Linalosemwa ni kwamba bati, saruji na udongo vyote ni watumishi, na mahali ndipo panapopaswa kutoa amri.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati huu ambapo kikosi cha wahandisi cha jeshi la Uganda kimekabidhiwa ujenzi wa shule na hospitali za wananchi. Askari aliyekuwa akipangishwa katika nyumba za wengine sasa anajenga nyumba za wengine. Akiletewa ramani moja ya kujengwa Tororo, Karamoja na Kabale bila kubadilishwa hata dirisha, anao wajibu wa kuuliza, kwa adabu na kwa njia zilizowekwa, jua la mahali pale linatoka upande gani wa ukuta. Na wakubwa wanaopitisha michoro wangefanya vema kuwaita vijana wa vyuo wakae kambini, walale humo msimu wa joto na msimu wa mvua, wawasikilize akina mama wanaopika na watoto wanaosoma humo, kisha ndipo wachore.

Mlinzi wa nchi aliyekosa usingizi kwa joto la chumba chake huamkia lindo akiwa amechoka, na uchovu huo haumo katika hesabu yoyote ya gharama za ujenzi. Inafaa uingizwe.