Umri wa Fuvu: Kosa la Koobi Fora na Mjadala wa Uhalisia wa Kisayansi



Mada niliyopewa ni uhalisia wa kisayansi. Sayansi husimulia habari za vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona: atomu, elektroni, jeni. Je, tuamini kwamba vitu hivyo vipo kweli, au tutosheke na kwamba hesabu zake hutoa majibu yanayolingana na tunachokiona? Mhalisia anasema tuamini. Mpinzani wake anasema majibu sahihi yanatosha, na anayeamini zaidi ya hapo amejitwika mzigo ambao hakuna aliyemwamuru aubebe.

Hoja za pande zote mbili mmezisoma, kwa hiyo nitazipitia haraka. Mwaka 1975 Hilary Putnam alidai kwamba kama vitu hivyo havipo, basi kufaulu kwa sayansi ni muujiza. Mwaka 1981 Larry Laudan akamjibu kwa orodha ya nadharia zilizofaulu katika zama zake kisha zikatupwa, mojawapo ikiwa ile ya etha iliyodhaniwa kubeba mwanga. Mwaka mmoja kabla ya Laudan, Bas van Fraassen alikuwa amechora mpaka: amini yale ambayo mtu mwenye macho ya kawaida angeyaona lau angekuwepo mahali penyewe, mengine yatumie bila kuyaamini wala kuyakana.

Mpaka huo ndio unaowakera ndugu zetu wa maabara. Anayetafuta vimelea vya malaria kwenye damu iliyopakwa rangi, kwa kipimo cha van Fraassen, hajaviona vimelea. Ameona taswira iliyoletwa na hadubini. Mwambie hivyo mhudumu wa maabara yeyote hapa Riruta, Nairobi, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, uone atakavyokujibu. Ian Hacking, mwaka 1981, alijibu kwa upole zaidi. Alisema kwamba umbo moja likionekana kwa hadubini za aina mbalimbali, kila moja ikifanya kazi kwa kanuni zake za fizikia, ni shida kudai kwamba umbo hilo limezaliwa na chombo. Hoja hii ya njia nyingi inapendwa sana, nami naipenda. Lakini ina ufa, na ufa huo ulijitokeza humu humu nchini, kaskazini, ufukweni mwa Ziwa Turkana.

Nimeuchagua mfano huo kwa makusudi. Wanafalsafa wetu walitumia miongo wakibishania kama ipo falsafa ya Kiafrika, na katika kazi hiyo Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitupatia mengi. Lakini falsafa ya sayansi tuliwaachia wageni, ilhali baadhi ya mifano yake bora imo kabatini mwa makumbusho yetu. Kutoka hapa Riruta ni matatu mbili tu: ya mjini, kisha ya Westlands, unashuka Museum Hill.

Mwaka 1969, huko Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana, mwanajiolojia kijana Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe kwenye tabaka la majivu ya volkeno yaliyoganda. Tabaka likaitwa KBS, kifupi cha Kay Behrensmeyer Site. Sampuli zikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller, waliopima umri wa miamba kwa potasiamu na agoni. Kanuni yenyewe si ngumu. Aina moja ya potasiamu huoza polepole mno, nusu yake ikiisha katika miaka bilioni 1.25 hivi, na sehemu ya kinachooza hugeuka kuwa gesi ya agoni. Volkeno inapolipuka, joto huifukuza gesi iliyokuwemo. Fuwele zikipoa, gesi huanza kujikusanya upya. Pima agoni, pima potasiamu, piga hesabu, upate umri.

Sampuli za kwanza zilitoa zaidi ya miaka milioni 200. Jibu hilo halikuwezekana kwa tabaka lenye zana za mawe, na Fitch na Miller wenyewe walisema chembe za miamba ya kale zimechanganyika humo. Wakaomba sampuli nyingine, wakapata miaka milioni 2.61.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kikosi cha mtafiti wa visukuku Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo. Vipande vikaunganishwa, na fuvu likaandikishwa kuwa KNM-ER 1470. Lilikuwa na ubongo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, na kwa kuwa lilikuwa chini ya majivu ya miaka milioni 2.61, Leakey alilikadiria kuwa na miaka milioni 2.9. Zamadamu mwenye ubongo mkubwa, wa kale kiasi hicho! Jina la Kenya likavuma duniani.

Walioharibu sherehe ni nguruwe. Basil Cooke, mtaalamu wa visukuku vya nguruwe, alilinganisha meno ya Koobi Fora na yale ya Omo, ng'ambo ya mpaka, Ethiopia. Katika aina moja ya nguruwe wa kale gego la mwisho lilirefuka kadiri muda ulivyosonga, na Omo kulikuwa na matabaka mengi yaliyopimwa umri vizuri. Nguruwe waliokuwa chini ya majivu ya KBS walifanana na wale wa Omo wa miaka milioni 2 hivi. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake wa Berkeley wakapima majivu hayo upya na kupata milioni 1.6 na milioni 1.82.

Sasa ndipo penye ufa. Mwaka 1976 ikaja njia ya tatu. Urani iliyomo ndani ya fuwele za zikoni hupasuka na kuacha michirizi, na michirizi hiyo ikihesabiwa chini ya hadubini umri hujulikana. Hii ni fizikia nyingine kabisa, haina habari na agoni. Jibu lake? Milioni 2.44. Usomaji wa sumaku ya miamba nao ulikuwa tayari umetafsiriwa kwa namna iliyoafikiana na umri mkubwa. Njia tatu, kanuni tatu, na zote zikaegemea jibu ambalo leo hakuna anayelitetea. Kwa kipimo cha Hacking, milioni 2.61 ilistahili kuaminiwa.

Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba fizikia zilikuwa mbalimbali lakini matarajio yalikuwa mamoja. Anayehesabu michirizi hulazimika kuamua upi ni mchirizi na upi ni dosari ya fuwele; anayesoma sumaku huhitaji umri wa kuanzia ili ajue yuko sehemu gani ya kalenda ya kugeuka kwa sumaku ya dunia. Ni kama saa mbili za viwanda tofauti zilizorekebishwa kwa king'ora kimoja: kukubaliana kwake hakukuambii king'ora kililia saa ngapi. Nguruwe hawakuwa wamesikia king'ora. Umri wao ulitoka bonde jingine, kwa watu wengine, kabla ya ubishi kuanza.

Mwaka 1980 Andrew Gleadow, mmoja wa waandishi wa hesabu ile ya milioni 2.44, alichapisha kazi mpya ya michirizi: milioni 1.87. Ian McDougall wa Canberra, kwa agoni, alipata takriban milioni 1.88. Ubishi ukaisha.

Laudan angefurahi: nambari nyingine iliyofaulu imetupwa jalalani. Lakini tazameni kilichotupwa na kilichobaki. Agoni haikutupwa, wala kasi ya kuoza kwa potasiamu. Kosa lilisahihishwa kwa nadharia ileile iliyolizaa. McDougall alichagua fuwele kutoka ndani ya vipande vya pumisi, mawe mepesi ya mlipuko wenyewe, kwa sababu alijua kwamba chembe ya kale iliyozolewa na mto huja na agoni yake ya zamani.

Mfuasi wa van Fraassen atasema haya yote anaweza kuyakubali bila kuamini kwamba agoni ipo. Kwake, milioni 1.88 inashinda kwa kuwa inalingana na meno, na meno yanaonekana. Jibu hili si la mtoto. Lakini meno peke yake hayakumaliza ugomvi. Waliotetea umri mkubwa walisema mazingira ya Omo na ya Koobi Fora yalitofautiana, kwa hiyo nguruwe wa huku wangeweza kubadilika kabla ya wale wa kule. Meno yalionyesha kwamba kuna mgongano, bila kusema nani amekosea wala kwa nini. Sababu ya kosa ilipatikana kwa kuichukulia agoni kama kitu kinachonaswa, kinachovuja, na kinachoweza kuja na mgeni. Mtu anayeitumia agoni kama jina tu katika hesabu hana njia ya kujua aokote jiwe lipi.

Kwa hiyo kuhusu agoni mimi ni mhalisia, na kilichonishawishi ni kosa la 2.61 zaidi ya ushindi wa 1.88.

Msinielewe kwamba nimeinunua sayansi kwa jumla. Fuvu hilohilo lina jina, na jina lake bado linabishaniwa. Kwanza wengi waliliweka katika Homo habilis. Mwaka 1986 likapewa jina la spishi rudolfensis, kwa jina la zamani la ziwa. Mwaka 2012 Meave Leakey na wenzake walichapisha uso na mataya mapya kutoka Koobi Fora, wakisema yanathibitisha kwamba spishi mbili ziliishi huko pamoja. Wataalamu wengine hawajaridhika. Hapa hakuna chembe ngeni ya kuondoa. Mafuvu ni machache, na mipaka ya spishi hutegemea ni tofauti kiasi gani tunakubali iwemo ndani ya ukoo mmoja. Umri wa 1470 nitautetea mbele ya yeyote. Spishi yake nitaiandika kwa penseli, na ningependa wenzangu wa biolojia waniambie baada ya chai kama wao wanatumia wino.