Mwenye Kuuguza Naye Ana Haki



Leo twataka kusema juu ya watu wanaotuuguza. Ukitoka Mnazi Mmoja ukashika Mtaa wa Uhuru mpaka Msimbazi, utapita zahanati na maabara nyingi za watu binafsi. Zamani haikuwa hivyo. Sheria ya mwaka 1977 ilikataza mtu kuendesha hospitali kwa kutafuta faida. Mwaka 1991 ikabadilishwa, mlango ukafunguliwa. Hatulalamikii hilo, maana mgonjwa amepata pa kukimbilia usiku. Lakini twauliza: yule binti anayempokea usiku huo aliingia kazini saa ngapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 imekwisha kusema. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa juma. Zikizidi, kila saa ilipwe mara moja na nusu. Akifanya kazi baina ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, aongezewe 5 kwa mia. Akijifungua, ana likizo ya siku 84 yenye malipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sheria ya Fidia ya mwaka 2008 nayo imeweka mfuko ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, wala haruhusiwi kukata mchango huo katika mshahara.

Tumfikirie mfagiaji. Daktari huiona sindano ikiwa mpya. Mfagiaji huikuta ndani ya taka, kwa sababu kisanduku cha kutupia sindano kimejaa na hakuna aliyeleta kingine. Ikimchoma, yaweza kumtia homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia virusi hivyo lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Je, nani amemwambia? Na kama hana hati ya ajira, atadaije fidia?

Wenye zahanati watasema pango la Kariakoo ni zito. Twajua. Lakini mzigo huo usitwishwe mgongo wa mfagiaji. Tena muuguzi aliyechoka hukosea kipimo cha dawa, na watakaoimeza ni sisi.

Sheria ya mwaka 2004 yaagiza tangazo la haki za wafanyakazi libandikwe mahali pa kuonekana. Basi kila mwanachama aendapo kutibiwa atazame ukutani. Asipoliona, aulize kwa adabu. Mfanyakazi mmoja akiuliza aweza kufukuzwa. Mtaa mzima ukiuliza, atafukuzwa nani?

Nanyi wauguzi na wafagiaji, jiungeni na vyama vya wafanyakazi. Wazee wetu waliunda shirikisho la vyama hivyo mwaka 1955, chini ya mkoloni. Sisi tulio huru tutashindwaje?

Uhuru na Kazi!