Je, Ng'ambo ya Ziwa Maisha Ni Mazuri Zaidi?

Ninyi mlio katika makambi, ninyi mliopokelewa nyumbani mwa watu, nanyi mashefu wa vijiji, leo tuzungumze juu ya neno linalosikika kila siku kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira mpaka Kalemie: «Kule Tanzania watu wanaishi vizuri. Tuvuke.» Katika nyumba moja baba anataka kuvuka, mama anakataa, watoto wanagawanyika. Basi tupime.

Ni kweli, kwa mambo fulani Tanzania imetupita. Hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba Mtanzania hutazamiwa kuishi karibu miaka 67, Mkongomani karibu 62. Wenzetu waliondoa ada ya shule mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Kwetu katiba ya 2006 ilisema masomo ya msingi ni bure, lakini wazazi walingoja mpaka 2019 ndipo serikali ianze kulitimiza neno hilo. Tena, wao walihesabu watu wao mwaka 2022. Hesabu yetu ya mwisho ni ya 1984, wakati wa Mobutu. Mama asiyejua ana watoto wangapi atasonga bugali ya wangapi?

Sababu si akili wala damu. Mihogo ni ileile, ndagala ni wa ziwa lilelile. Lakini tangu 1996, mkulima wa Fizi amekimbia mara ngapi akiacha shamba halijavunwa?

Sasa sikiliza vizuri, wewe unayetafuta mashua. Maisha ya Mtanzania si maisha ya mkimbizi katika Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa 1996. Wako waliozaliwa humo, nao wamekwisha kuzaa humo. Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na misaada ikipungua, posho ya chakula nayo inapunguzwa. Wala nchi yenyewe si paradiso: baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 watu waliuawa huko katika machafuko.

Simwambii mtu abaki chini ya risasi. Zikilia, okoa watoto kwanza, mashauri baadaye. Nasema na yule ambaye kijiji chake kimetulia, naye anataka kuuza mbuzi na sufuria kwa sababu ya habari za sokoni. Huyo aulize kwanza waliokaa kule, si wenye mashua.

Nanyi mashefu, hapa ndipo kazi yenu. Mnakumbuka miaka ile baada ya 2005, watu waliporudi Baraka kwa meli toka Kigoma. Wengi walikuta shamba linalimwa na mwingine, naye alisema, «Nilipewa.» Aliyempa alikuwa amekufa, au alikana. Ndugu wakashikiana mapanga kwa ajili ya mpaka wa migomba.

Kwa hiyo, jamaa ikiondoka, iteni majirani wa pande zote. Tembeeni mpakani kwa miguu. Andikeni jina la mwenye shamba, na kama ni mjane, jina lake mwenyewe, si la shemeji. Atakayelima kwa muda aandikwe kwamba analima kwa muda, mbele ya mashahidi. Karatasi moja ibaki kwa shefu, nyingine iende na jamaa. Msidai mbuzi kwa kazi hiyo.