Moto wa Betri na Moto wa Petroli

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata)



Pikipiki na magari ya umeme yameanza kuonekana katika barabara zetu, na wengi wanauliza kama hayawaki moto upesi kuliko ya petroli. Takwimu hazionyeshi hivyo. Nchini Sweden, mwaka 2022, katika kila magari 100,000 ya umeme na ya mseto, yaliyoungua hayakufika 4. Kwa magari ya aina zote, idadi ilikuwa 68. Ni kweli kwamba hesabu hiyo ya pili inajumuisha magari yaliyochomwa makusudi, na kwamba magari mengi ya umeme bado ni mapya. Hata hivyo, tofauti ni kubwa.

Petroli tumeizoea, na mazoea hupofusha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko au cheche. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Hata leo tunahifadhi petroli ndani ya nyumba katika chupa za maji.

Betri nayo ina tabia yake. Chembe moja ikiharibika hupata joto, ikaiambukiza jirani yake, na moto hujilisha kutoka ndani. Hutoa moshi wenye sumu. Kuuzima huhitaji maji mengi kwa muda mrefu, na unaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa, au hata siku kadhaa.

Kwa hiyo, ndugu wakazi, nawaomba tuyazingatie haya:

Kwanza, tusihifadhi petroli ndani ya nyumba, wala tusisogelee lori la mafuta lililopinduka.

Pili, betri ya pikipiki isichajiwe chumbani tunamolala, wala mlangoni au kwenye korido ya kutokea. Itumike chaja yake halisi, si waya wa kuungaunga.

Tatu, betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyogongwa au iliyozama katika maji ya mafuriko isichajiwe tena. Iwekwe nje, mbali na nyumba, hadi fundi mwenye ujuzi aikague.

Nne, ukiona moshi au ukisikia mlio wa kufoka kutoka kwenye betri, watoe watu kwanza. Usirudi ndani kuokoa pikipiki.

Tano, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na utaje mapema kwamba chombo kinachoungua ni cha umeme, ili askari waje na maji ya kutosha.

Chombo kinaweza kununuliwa kingine. Uhai hauna duka.